Kamomili, pareto na artemisia: maua ya ukoo mmoja, kazi tatu tofauti

Ukiingia katika duka la alimentation hapa Goma ao Bukavu, karibu na majani ya chai na maziwa ya unga, mara nyingi utaona kisanduku chenye picha ya ua dogo jeupe lenye moyo wa manjano. Juu yake imeandikwa kwa Kifaransa: camomille. Kwa Kiswahili tutaliita kamomili. Ndani mna vifuko vidogo vya kutia katika maji ya moto. Muuzaji atakuambia: hii inatuliza tumbo, hii inaleta usingizi.

Ukitoka hapo na kwenda sokoni, utakuta majani mengine yaliyokaushwa, kusagwa na kufungwa katika mifuko ya plastiki. Hayo sifa zake ni kubwa zaidi. Wanasema yanaponyesha malaria, tifoide, vidonda vya tumbo, kisukari na presha, yote kwa kikombe kimoja asubuhi na kimoja magaribi.

Katikati ya duka na soko kuna mama aliyekimbia vita na watoto wake. Labda analala chini ya bashi, labda amepokelewa na familia moja mtaani. Mtoto ana homa tangu jana. Pesa aliyo nayo inatosha kwa kitu kimoja tu: ama kununua majani, ama kulipa pikipiki ya kufika kituo cha afya. Swali lake ni fupi: majani haya ni dawa ao si dawa?

Jibu la «ndiyo» ao la «hapana» halitamsaidia, kwa sababu majani si kitu kimoja. Ndugu wasikilizaji, leo tufuate historia ya mimea mitatu ya ukoo mmoja, ukoo uleule wa alizeti. Wa kwanza ni kamomili, uliobaki jikoni. Wa pili ni pareto, ua lililolimwa hapa kwetu Kivu na likaenda kupigana na mbu. Wa tatu ni artemisia, ulioingia hospitalini. Ni ndugu, lakini kila mmoja alipata kazi yake, na anayechanganya kazi hizo anaweza kumpoteza mtoto.

Kamomili: pome ya chini

Wagiriki wa zamani waliliita ua hili kwa jina lenye maana ya «pome ya chini», kwa sababu mmea wake ni mfupi na ukilisugua ua mkononi linatoa harufu kama ya pome. Wahispania wanaliita manzanilla, yaani pome ndogo. Waarabu wanaliita babunaj, jina walilolipata kwa Waajemi. Kuwa na majina mengi namna hiyo kunaonyesha kwamba ua hili lilipita katika jiko nyingi.

Kamomili ni za aina mbili: moja inaitwa ya Ujerumani, nyingine ya Roma. Ile inayojaa katika vifuko vya chai mara nyingi ni ya Ujerumani. Katika karne ya kwanza, munganga mmoja Mgiriki aitwaye Dioscorides, aliyeishi wakati wa utawala wa Roma, aliliandika ua hili katika kitabu chake cha mimea ya dawa. Karibu miaka elfu moja baadaye, huko Uingereza, lilitajwa kati ya mimea tisa iliyoaminiwa kuwa inafukuza sumu na magonjwa. Wajerumani nao walilifanya kuwa dawa ya nyumbani kabisa: tumbo likiuma, kamomili, fizi zikivimba, kusukutua kamomili.

Kuna jambo moja la ajabu katika ua hili, nawaomba mlishike kwa sababu tutalirudilia. Ukitoa mafuta yake kwa mvuke, yanatoka na rangi ya bluu. Bluu hiyo haimo ndani ya ua bichi. Ni joto la mvuke ndilo linalobadilisha kitu fulani ndani ya ua na kukifanya bluu. Kwa hiyo kamomili na moto wanasikilizana.

Mwaka 1902, mwandishi Mwingereza Beatrix Potter alitoa kitabu cha watoto juu ya sungura mdogo aitwaye Peter, anayeingia katika shamba la mtu, anakula kupita kiasi na kurudi nyumbani mgonjwa. Mama yake anamlaza na kumpa chai ya kamomili. Hadithi hiyo inaonyesha vizuri watu waliliwekea ua hili nafasi gani: ni dawa ya mama, dawa ya jioni, kwa tumbo lililosumbuka na roho iliyochoka. Hakuna aliyetegemea kamomili imponye mtu wa kufa.

Siku hizi sehemu kubwa ya kamomili inayouzwa duniani inalimwa Misri, hasa katika eneo la Fayoum, ambako wakulima wanachuma maua kwa mkono na kuyakausha. Mengi yanakwenda Ulaya na kufungwa huko. Kwa hiyo kisanduku unachokiona Goma kinaweza kuwa kimetoka Afrika, kikapita Ulaya, na kikarudi Afrika na bei ya safari zote mbili.

Je, ua hili linafanya kazi? Mwaka 2009, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio moja. Watu 57 wenye ugonjwa wa wasiwasi waligawanywa: wengine walipewa kamomili katika vidonge, wengine vidonge visivyo na dawa ndani. Waliopata kamomili walitulia zaidi, lakini tofauti ilikuwa ya kadiri, na watu 57 ni wachache. Ofisi ya Ulaya inayosimamia dawa inakubali kamomili kwa shida ndogo za tumbo kama gesi, kwa mafua madogo, na kwa vidonda vidogo vya mdomo na vya ngozi. Inakubali kwa sababu ya desturi ya miaka mingi, si kwa sababu ya majaribio makubwa.

Hayo si maneno ya kudharau. Mtu ambaye amesikia milio ya silaha usiku, akatembea siku mbili na mzigo kichwani, anahitaji pia kitu cha kumtuliza. Kuchemsha maji, kukaa pamoja, kunywa kitu cha moto chenye harufu nzuri, kuzungumza kidogo kabla ya kulala: hiyo nayo ni afya.

Jinsi ya kuitengeneza jikoni

Chukua kijiko kimoja cha maua yaliyokauka, ao kifuko kimoja, kwa kikombe kimoja. Chemsha maji yatokote kweli, kisha uyamwange juu ya maua. Funika kikombe na sahani kwa dakika tano hadi kumi. Usiache wazi, kwa sababu ule mvuke wenye harufu ndio unaobeba mafuta ya ua. Ukipanda angani, umekunywa maji matupu. Kisha chuja. Unaweza kutia asali ao sukari kidogo. Wengine wanatia maua hayo katika maziwa ya moto, ao katika uji, ili kupata harufu tu. Chai iliyopoa ni nzuri kwa kusukutua mdomo wenye vidonda vidogo.

Kama hauna kamomili, usitoe pesa ya chakula kwa ajili yake. Mchaichai, ambao wengi tunauita citronnelle, unaota karibu na nyumba nyingi, na kikombe chake cha jioni kinatosha kabisa. Makala ya kuchemshia maji ni bei. Afadhali uyachemshe kwa kitu ulicho nacho.

Wengine waangalie. Mtu ambaye ngozi yake ao pumzi yake inasumbuka akigusa maua ya ukoo wa alizeti, asinywe. Anayemeza dawa za kufanya damu isigande, aulize kwanza munganga. Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita anapaswa kunyonya maziwa ya mama peke yake: si maji, si chai, si kamomili, hata kama analia kwa sababu ya tumbo. Na mtu wa kuharisha sana, hasa pale kipindupindu kimeingia, haponywi na chai yoyote. Huyo anahitaji SRO na kituo cha matibabu. Kama hakuna paketi ya SRO karibu, tia katika litre moja ya maji safi vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa sawasawa bila mlima, mgonjwa anywe kidogo kidogo njiani akipelekwa.

Pareto: ua la mlimani lililokwenda vitani

Sasa tupande mlimani. Wazee wa Kivu ya Kaskazini wanalikumbuka ua lingine jeupe lenye moyo wa manjano, refu zaidi, lenye majani ya kijivu. Kwa Kifaransa linaitwa pyrèthre, kwa Kiswahili pareto. Ukilitazama haraka, unaweza kusema ni kamomili. Siyo. Pareto ni sumu ya wadudu.

Kwao ni Dalmatia, pwani ya nchi inayoitwa leo Kroatia. Katika karne ya 19 watu wa huko walikuwa wakikausha maua hayo, kuyasaga na kuuza unga wake kwa kuua viroboto, chawa na kunguni. Kisha Japani ikachukua mbegu, ikalima sana, na ni Wajapani waliotengeneza ile dawa ya mbu ya kuzungushwa kama konokono, inayochomwa polepole usiku. Ilianza kuuzwa mwaka 1902. Tunaichoma hadi leo.

Mwaka 1928 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliunda Comité National du Kivu, iliyogawa ardhi ya Kivu kwa walowezi wazungu. Katika miaka ya 1930, wakati Kenya ilipokuwa inapanda pareto kwa wingi, milima yetu nayo ilianza kulimwa ua hilo. Linapenda juu, penye baridi. Likipandwa chini penye joto, halitoi maua vizuri. Kulichuma ni kwa mkono, ua kwa ua, na vumbi lake linawasha ngozi ya watu wengi.

Japani ilipoingia katika vita vya pili vya dunia, Desemba 1941, nchi za Magharibi zilipoteza unga wake. Askari waliokuwa wanapigana katika nchi za joto walikuwa wanaanguka kwa malaria. Ndipo pareto ya Kenya, ya Tanganyika na ya Kongo ilipotafutwa sana. Ua lililochumwa katika milima yetu likawa silaha ya vita ambavyo wachumaji wake hawakuvianzisha.

Baada ya vita, dawa ya kutengenezwa iitwayo DDT iliishusha pareto, kwa sababu ilikuwa bei ndogo na ilidumu muda mrefu. Lakini kudumu huko ndiko kulikoleta shida: DDT ilibaki katika udongo, katika samaki na katika ndege. Marekani iliipiga marufuku katika kilimo mwaka 1972. Pareto ikakumbukwa tena. Nayo ilikuwa na gharama yake: upande wa Rwanda, mwaka 1969, karibu hekta 10,000 za hifadhi ya Volkano zilikatwa ili watu walime ua hilo, na sokwe wakapoteza msitu wao.

Pareto ina udhaifu mmoja: jua linaivunja haraka. Kwa hiyo wataalamu wa kemia walichunguza jinsi ua linavyoua mdudu, kisha wakatengeneza dawa inayofanana nayo lakini inayovumilia jua. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake, huko Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrine. Muda mfupi baadaye ikaja deltaméthrine.

Sasa tazama chandarua chako, mustikeri kama tunavyosema hapa. Kama ni kile kinachogawiwa na serikali na mashirika, basi karibu kila mara dawa iliyo katika nyuzi zake ni ya jamii hiyo. Ni mtoto wa pareto. Mbu akigusa, mishipa yake inavurugika na anaanguka. Dawa hiyo imetengenezwa kudumu hata chandarua kikioshwa mara ishirini, lakini kwa sabuni ya kawaida na kukaushwa kivulini, kwa sababu jua bado ni adui. Miaka inavyopita, mbu wengi wamezoea dawa hiyo, na ndiyo sababu vyandarua vipya vinaongezewa dawa ya pili. Hata hivyo, chandarua cha zamani kisichopasuka kinazuia mbu kwa nyuzi zake tu. Ukikitumia kuvua samaki ao kufunga kuku, umemvua mtoto wako nguo ya usiku.

Kwa hiyo ua la pili kazi yake ni kuzuia. Halinywewi. Mtu akikuletea maua meupe makavu kutoka mlimani na kusema ni kamomili, nusa kwanza. Kamomili ina harufu tamu ya pome, na ua lake ni dogo, upana wake hauzidi sana sentimita mbili. Ukilipasua moyo wake kwa ukucha, ndani ni tupu kama tundu. Kama ua ni pana zaidi na ndani ya moyo wake hakuna tundu, ama kama una shaka yoyote, usitie katika sufuria.

Artemisia: jani lisilopenda moto

Wa tatu hana ua la kuvutia. Artemisia annua ni mmea mrefu wenye majani madogo kama manyoya na harufu kali. Ndio unaouzwa sana hapa kwetu kama chai ya malaria.

Historia yake inaanza China. Katika karne ya nne, mganga aitwaye Ge Hong aliandika kwamba mwenye homa anaweza kutibiwa na mmea uitwao qinghao. Alielekeza uloweke majani katika maji, uyakamue, na kunywa maji yake. Karne nyingi zikapita. Tarehe 23 Mei 1967, wakati wa vita ya Vietnam, serikali ya China ilianzisha kazi ya siri iliyoitwa Mradi 523, kutokana na tarehe hiyo. Askari wa Vietnam ya Kaskazini walikuwa wanakufa kwa malaria, na dawa ya chloroquine ilikuwa imeanza kushindwa.

Mwaka 1969 mama mmoja mtaalamu wa dawa, Tu Youyou, alipewa kazi ya kutafuta katika dawa za kizamani. Yeye na wenzake walijaribu mimea mingi. Artemisia iliwapa matokeo mazuri siku moja, mabaya siku nyingine. Ndipo aliporudi katika maneno ya Ge Hong na kuona jambo dogo: mganga yule hakusema uchemshe. Alisema uloweke na kukamua. Tu Youyou akafikiri: labda ni moto ndio unaoharibu dawa. Akabadilisha njia, akatumia kimiminika kinachochemka kwenye joto dogo sana. Mwezi wa kumi 1971, dawa aliyoipata iliondoa vijidudu vyote vya malaria katika panya. Mwaka 1972 yeye na wenzake walikunywa wenyewe dawa hiyo kwanza, kuona kama haina hatari, kabla ya kumpa mgonjwa. Mwaka huohuo kitu chenyewe kilipatikana safi, na leo kinaitwa artémisinine. Mwaka 2015 Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel.

Mnakumbuka bluu ya kamomili, ile inayoletwa na joto? Hapa ni kinyume. Ndugu wawili wa ukoo mmoja: mmoja moto unamtengeneza, mwingine moto unamharibu. Anayechemsha artemisia katika sufuria kama anavyochemsha kamomili anafanya kile ambacho Tu Youyou alijifunza kuacha.

Tena moto si shida peke yake. Artémisinine haipendi kuyeyuka katika maji. Kipimo chake katika jani kinabadilika kufuata mbegu, udongo, siku ya kuchuma na namna ya kukausha. Mifuko miwili ya soko moja inaweza kuwa na nguvu tofauti kabisa, na hakuna macho yanayoweza kuona tofauti hiyo. Halafu artémisinine inatoka mwilini kwa saa chache tu. Inaua vijidudu vingi haraka, homa inashuka, mama anashukuru Mungu. Lakini vilivyobaki vinazaana tena, na baada ya siku chache mtoto anarudi katika homa, damu yake ikiwa imepungua zaidi.

Ndiyo maana vidonge vya hospitali vinaunganisha dawa mbili: moja ya artemisia inayopiga haraka, na nyingine inayobaki mwilini kufagia mabaki. Wizara ya afya ya nchi yetu ilichukua njia hiyo mwaka 2005, ikachagua artésunate pamoja na amodiaquine. Dawa zinamezwa siku tatu, na siku tatu ni siku tatu, hata kama homa imeisha siku ya kwanza.

Kuna hatari nyingine ya wote. Dawa ikinywewa kidogo kidogo, kijidudu kinaizoea. Vijidudu vilivyoanza kuizoea artémisinine vilionekana kwanza Kambodia, na mwaka 2020 wachunguzi walitangaza kwamba wameviona pia Rwanda, mlango wa jirani. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, kusema kwamba haliungi mkono chai ao unga wa artemisia kwa kutibu ao kuzuia malaria.

«Lakini wazee wetu walipona kwa magome»

Neno hili linasemwa sana, na linastahili jibu la heshima. Wengine wanaongeza: wazungu wanadharau majani yetu ili watuuzie vidonge vyao.

Tutazame kinini. Asili yake ni gome la mti wa quinquina, wa milima ya Amerika ya Kusini. Watu waliokunywa gome hilo walipona mara nyingine, wakafa mara nyingine, kwa sababu gome moja lilikuwa na nguvu na lingine halina. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walikitoa kinini chenyewe katika gome. Tangu siku hiyo munganga aliweza kupima: mtu mzima kiasi hiki, mtoto kiasi hiki. Miti hiyo ililetwa Kivu wakati wa ukoloni, na hapa Bukavu kiwanda cha Pharmakina kimegeuza magome yetu kuwa dawa iliyokwenda mbali. Hakuna mtu wa Kivu anayehitaji kuambiwa kwamba mti unaweza kutoa dawa. Tumeishi karibu na miti hiyo.

Hata kinini chenyewe kilipimwa tena. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanywa juu ya watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, nchi yetu ikiwemo. Nusu walipewa sindano za kinini, nusu sindano za artésunate, dawa inayotokana na artemisia. Katika kundi la kinini walikufa watoto karibu 11 kwa kila 100. Katika kundi la artésunate walikufa 8 ao 9. Kwa kila watoto 1,000, ni watoto 24 wanaorudi nyumbani na mama zao. Kwa ajili ya hesabu hiyo, mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilisema artésunate itangulie kwa watoto wenye malaria kali.

Mnaona basi: wanaopima hawakulidharau jani. Jani la Ge Hong, mtu wa karne ya nne, ndilo lililoshinda kinini cha hospitali. Lakini lilishinda baada ya kupimwa, kusafishwa na kupata mwenzake. Jani lililo sokoni na jani lililo katika sindano ni ndugu, kama mahindi yaliyo shambani na bugali iliyo mezani ni ndugu. Kuna kazi katikati.

Kila ua na saa yake

Kongo ni nchi ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria. Vita vinapohamisha watu, vinawatoa katika nyumba zenye vyandarua na kuwalaza penye maji yaliyotuama. Kwa hiyo haya si mambo ya vitabu.

Saa ya kulala, tumia ua la pili: fungua mustikeri, ingiza ncha zake chini ya mkeka, na watoto pamoja na mama mwenye mimba walale ndani kwanza.

Homa ikianza, tumia ua la tatu, lakini lile lililopimwa. Nenda kituo cha afya, ama umtafute reko wa mtaa ao wa kambi, mtoto atobolewe kidole kwa TDR. Kama ni malaria, meza dawa siku zote tatu. Kama si malaria, watatafuta sababu nyingine, na hapo pia chai ingekuwa imekupotezea siku. Kama mtoto anatetemeka mwili wote, ama anashindwa kunyonya, ama anatapika kila kitu, ama analala na haamki unapomwita, usingoje kuche.

Na mtoto akiisha kupata dawa yake, ao siku ambayo hakuna mgonjwa lakini roho ni nzito, hapo ni saa ya ua la kwanza. Chemsha maji, funika kikombe, ngojea dakika tano. Kamomili kama ipo, mchaichai kama haipo. Mzee apewe kwanza, kisha wengine, na redio ipunguzwe sauti kidogo ili watu wazungumze.